Tupeni Ukumbi na Kibali: Barua ya Wazi Kuhusu Mazungumzo ya Chakula cha Jioni Dodoma

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma, Mstahiki Meya na waheshimiwa madiwani wa Jiji, Mkurugenzi wa Jiji, pamoja na wakuu wa vyuo na taasisi za utafiti zenye makao yake hapa Dodoma.

Mbukwenyi.

Nawaandikia kuomba jambo ambalo halihitaji sheria mpya wala fungu kubwa katika bajeti. Naomba mfungue kumbi za umma zilizomo katika kata zetu, angalau jioni moja kila mwezi, ili wakazi wasiozidi thelathini wakae na mtaalamu mmoja au wawili, wale chakula pamoja, na wazungumze kwa kina juu ya mahali wanapoishi na jinsi panavyobadilika: maji yao yanatoka wapi, ardhi yao ilipimwaje, mji huu ulipangwa na nani na kwa nia gani, na nani alikuwa akilima hapa kabla ya viwanja. Naomba pia muwape wataalamu walio chini yenu ruhusa ya kuja kuzungumza, kwa sababu kukosekana kwa ruhusa hiyo ndiko kulikotukwamisha kuliko ukosefu wa fedha.

Mwendo wa mji huu mnaujua kuliko mimi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifikiwa mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka arobaini ulitekelezwa taratibu, kiasi kwamba mtoto aliyezaliwa Chang'ombe mwaka huo alikua, akaoa na kulea watoto wake kabla hajaona wizara zikihamia. Kisha, kuanzia mwaka 2016, mambo yakaja kwa kishindo. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikavunjwa Mei 2017. Dodoma ikatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Mtumba ikawa Mji wa Serikali. Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023. Na treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ikaanza kufika hapa mwaka 2024. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma, na sensa ya 2022 ikahesabu watu 765,179 katika Jiji. Ndani ya miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya 354,000, wengi wao wakiwa wageni wasiojua kilichokuwapo chini ya nyumba wanazopanga, nao wenyeji wakiwa hawajui kinachokuja juu ya mashamba yao.

Habari za mabadiliko hayo hutufikia kwa bango la mradi lililosimikwa kando ya barabara, kwa gari la matangazo linalopita asubuhi, kwa bikoni tunayoikuta imechomekwa shambani, na wakati mwingine kwa alama ya X iliyopigwa ukutani kwa rangi nyekundu. Mkutano mkuu wa mtaa una kazi yake na siudharau, lakini hauwezi kubeba mzigo huu. Mwenyekiti ana taarifa ya mapato na matumizi ya kusoma, ana suala la ulinzi shirikishi na la usafi, na jua linakaribia kuzama. Mtu akisimama kuuliza kwa nini korongo lililokuwa nyuma ya nyumba yake sasa linapita mlangoni, anajibiwa kwamba swali lake limepokelewa. Semina nazo zina mpangilio tunaoujua sote: meza kuu yenye maua, utambulisho wa nusu saa, hotuba ya mgeni rasmi anayeondoka mara baada ya kuisoma, mada tatu zilizobanwa katika muda wa mada moja, na chakula kinachogawiwa mwishoni watu wakiwa wameshaanza kutafuta usafiri. Chakula ndicho kinachowafanya watu wazungumze, nasi tumekifanya kiwe ishara ya kutawanyika.

Katika mtaa wetu hapa Ipagala tulijaribu utaratibu mwingine, bila jina wala ufadhili. Majirani tulichangishana, tukamwomba mama lishe wa mtaani atupikie ugali wa uwele, mlenda na kuku wa kienyeji, tukakaa uwanjani kwa mmoja wetu. Jioni iliyonisukuma kuandika barua hii tulimwalika mpima ardhi mstaafu, ambaye baada ya vyombo kuondolewa alitandaza mezani nakala ya ramani ya zamani ya eneo letu na kutuonyesha mstari mwembamba wa mkondo wa maji uliokatisha katikati ya mtaa. Mzee mmoja Mgogo, ambaye ukoo wake ulikuwa na mashamba hapa kabla ya upimaji, akasema kwa upole kwamba mstari ule haupo mahali pake: korongo lilipinda zaidi kuelekea mashariki, naye analikumbuka kwa sababu ng'ombe wa baba yake walinywea pale kwenye kona. Walibishana kwa heshima kwa muda mrefu, mmoja akifuata ramani na mwingine akitaja miti iliyokuwapo, mpaka mpima ardhi akakubali kwamba waliochora walitumia picha za angani zilizopigwa kiangazi, wakati mkondo haukuwa na tone la maji. Mama mmoja ambaye nyumba yake huingiliwa na maji karibu kila Januari alikuwa kimya muda wote. Akauliza kama nyumba yake basi imejengwa ndani ya korongo, na wote wawili wakamjibu kwamba ndivyo. Majirani walichimba mtaro kufuata pale alipoonyesha mzee, kabla ya mvua kuanza.

Mpima ardhi na mzee yule walikuwa wameishi katika mji huu mmoja kwa miongo kadhaa. Kila mmoja alikuwa na nusu ya jibu, na hakuna mkutano wowote rasmi uliowahi kuwaketisha pamoja.

Fikirini, waheshimiwa, juu ya maji, jambo ambalo kila mkazi wa Dodoma hulizungumzia kwa habari ya mgao tu. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu kwa miaka mingi imetoka katika visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa mji, na visima hivyo vina hazina ambayo ni adimu katika Afrika nzima: kumbukumbu za kina cha maji ya chini ya ardhi zilizowekwa tangu miaka ya 1950. Watafiti waliozichambua kumbukumbu za miaka 55 walitangaza matokeo yao mwaka 2013, nayo yalikuwa ya kushangaza. Msimu wa mvua wa kawaida, huu wa Desemba hadi Aprili unaotufurahisha wote, huongeza maji kidogo sana katika akiba ile au hauongezi kabisa. Kinachoijaza ni misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, mingi ikihusiana na El Niño, kama ule wa 1997/98. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba maji mengi hupenya kupitia mchanga wa mikondo ya msimu, ukiwamo wa Kinyasungwe Ndogo, katika siku zile chache mkondo unapojaa.

Mtu akilielewa hilo, anautazama mji kwa jicho jingine. Mvua kubwa za namna ile ile zinazobomoa makaravati na kuingia majumbani, za namna iliyoivunja reli kati ya Kilosa na Gulwe mwanzoni mwa mwaka 2010, ndizo zinazotuwekea akiba ya kunywa kwa miaka inayofuata. Mchanga wa mtoni, ambao malori huubeba usiku na mchana kujenga ghorofa zetu, ndiyo njia yenyewe ambayo maji hupitia kwenda chini. Je, tunaruhusu uchimbaji wa mchanga mahali gani, na nani amepiga hesabu ya hasara yake? Je, mji ulioongezeka kwa watu laki tatu na nusu unaweza kusubiri El Niño nyingine, au lazima utegemee mabwawa na vyanzo vya mbali, na kwa gharama ya nani? Haya yanastahili kuulizwa na mkazi wa Ilazo anayenunua simtangi, na pia na mkulima wa Makutupora ambaye maji ya mji mzima yanavutwa chini ya shamba lake. Katika jioni zetu hapa mtaani nimewauliza majirani wengi kama wamewahi kusikia matokeo ya utafiti huo, nami sijampata hata mmoja, ingawa visima vyenyewe viko umbali wa mwendo mfupi wa daladala.

Wataalamu wa kutueleza hayo hawahitaji kuagizwa mbali. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ina makao yake hapa hapa, nayo ingeweza kutueleza hata juu ya matetemeko madogo ya ardhi yanayotutikisa mara kwa mara kwa kuwa tupo karibu na Bonde la Ufa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ipo hapa. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007 na kina wanajiografia, wanahistoria na wahandisi. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kipo Miyuji, na kituo cha utafiti wa zabibu kipo Makutupora. Mikoa mingi ingetamani kuwa na nusu ya ujuzi huu. Hata hivyo, mkulima wa zabibu wa Hombolo hukutana na mtafiti mara moja kwa mwaka kwenye maonyesho ya Nanenane, akiwa amesimama, na kwenye foleni.

Naomba msinielewe kwamba nataka wataalamu waje kutufundisha sisi tusiojua. Mkoa huu una kumbukumbu nzito ya utaalamu uliokuja bila mazungumzo. Mwaka 1973, mwaka ule ule wa uamuzi wa makao makuu, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa sababu milima ya Kondoa ilikuwa imekatika kwa makorongo ya kutisha. Mwaka 1979 ikaamriwa kwamba mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Kwa upande wa ardhi wataalamu hawakukosea: nyasi na miti vilirudi, na makorongo mengi yakatulia. Lakini kaya zilizokuwa zikiishi kwa maziwa, samadi na mahari ya ng'ombe ziliambiwa zipeleke mifugo kwingine, na ilichukua takribani muongo mmoja kabla ya kuruhusiwa ufugaji wa ng'ombe wachache wa maziwa wanaolishwa bandani. Mimi naamini kwamba wazo hilo la ufugaji wa bandani lingeweza kuzaliwa mapema zaidi, laiti bwana mifugo, bwana misitu na wafugaji wa Kirangi wangekaa usiku mmoja kwenye sinia moja na kuulizana ng'ombe watakula nini na watoto watakunywa nini.

Kabla ya hapo ilikuwapo Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, ambapo maelfu ya familia za Wagogo zilihama kutoka kwenye matembe yaliyotawanyika na kuingia katika vijiji vya ujamaa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akakaa Chamwino na kushiriki kufyatua matofali. Waliokuwa vijana wakati huo sasa wana zaidi ya miaka sabini. Wanajua vijiji vilivyopewa maji na vile vilivyoahidiwa tu. Wanajua kwa nini baadhi ya familia zilirudi kwenye mahame yao. Leo, mtoto wa familia ile ile akiombwa kupisha mradi, hasikii mradi mpya tu. Anasikia pia aliyosimuliwa na bibi yake, na afisa wa ardhi asiyeijua historia hiyo hawezi kuelewa kwa nini mtu anakataa fidia ambayo kwenye karatasi inaonekana ya haki. Ndiyo maana naomba kwamba kila chakula kiwe na wataalamu wawili wenye uzito sawa: mmoja wa kitabu na mmoja wa mahali. Mzee wa mtaa asialikwe kufungua kikao kwa sala kisha akakalishwa pembeni.

Kuhusu mipango miji, nitasema machache. Mpango kabambe wa kwanza wa mwaka 1976, uliotayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, uliiona Dodoma kama mji wa jumuiya ndogondogo, ambamo mtu angetembea kwa miguu kwenda shuleni, sokoni na kituo cha basi. Mpango unaotumika sasa ni wa 2019 hadi 2039. Mkazi wa Nkuhungu au Mkonze akionyeshwa mipango hiyo miwili mezani, na aliyesomea fani hiyo akiwa pembeni yake, ataweza kuuliza kwa ufahamu kilichobaki cha ule wa kwanza na kilichoachwa, na ataacha kudhani kwamba kila barabara mpya ni matakwa ya mtu fulani ofisini.

Utaratibu ninaoupendekeza si wa kubuni hewani. Mwaka 1998, katika mji wa Leeds nchini Uingereza, ulianzishwa mtindo wa kumwalika mwanasayansi mkahawani: anazungumza kwa muda mfupi bila vielelezo vingi, watu wanapumzika na kujaza vikombe, kisha muda wote uliobaki ni wa maswali na mabishano. Mapumziko yale yana maana, kwa sababu ndipo mtu mwenye haya humnong'oneza jirani swali lake na kutiwa moyo wa kuliuliza. Huko Chicago, Marekani, mfuko wa jamii wa mji huo ulianza mwaka 2014 kuwahimiza wakazi kualikana kwenye chakula ili wazungumze juu ya hali ya mji wao, na maelfu waliitikia. Nasi tuna baraza zetu, tuna futari, tuna desturi ya Kigogo ya kutomwacha mgeni aondoke hajala. Hatuhitaji kufundishwa kula pamoja.

Tunachokihitaji ni mambo machache ambayo yako mikononi mwenu. Kwanza ni kibali. Tulipojaribu kuwaalika watumishi wa umma, walikuja wastaafu. Walio kazini walituambia kwa uungwana kwamba wao si wasemaji wa taasisi zao, na kwamba wangependa kuja lakini wanaogopa kunukuliwa. Siwalaumu. Waraka mmoja kutoka kwenu, unaosema kwamba mtumishi anaweza kushiriki mazungumzo haya kueleza ujuzi wake wa kitaaluma bila kuhesabiwa kuwa ametoa tamko la taasisi, na kwamba hakuna atakayerekodi wala kurusha maneno yake mitandaoni bila ridhaa, ungefungua mlango ambao fedha haziwezi kuufungua. Pili ni kumbi: kumbi za kata na madarasa ya shule hufungwa saa kumi jioni na kukaa gizani mpaka kesho yake. Chakula tutachangia wenyewe, na Jiji likipenda kusaidia, basi liwalipe mama lishe na baba lishe wa kata husika kwa bei yao ya kila siku. Gharama ya kuwalisha watu thelathini haifikii ya turubai, viti vya kukodi na vipaza sauti vya mkutano mmoja wa kawaida.

Pamoja na hayo nawasihi kwa dhati: pasiwe na meza kuu, wala mgeni rasmi, wala bango lenye picha ya mtu, wala posho ya kukaa. Siku posho itakapoingia, orodha ya walioalikwa itakuwa ile ile kila mwezi, na mama anayeuza maandazi hatakuwamo. Karibuni ninyi wenyewe, lakini njooni kama wakazi, mkae katikati ya watu, msubiri zamu ya kuuliza. Muda nao uangaliwe: chakula kianze saa kumi na mbili na nusu na mazungumzo yaishe saa tatu, ili akina mama na wazee wapate usafiri, na watoto wasikatazwe kuja, kwa sababu mama mwenye mtoto mgongoni asipokaribishwa pamoja na mtoto wake, hatakuja.

Najua baadhi yenu mtakuwa na hofu kwamba jioni hizi zitageuka kuwa vijiwe vya siasa au vya malalamiko. Malalamiko yatakuwapo, mtu aliyesubiri hatimiliki kwa miaka mingi hawezi kula ugali mbele ya afisa ardhi bila kuitaja. Lakini malalamiko yanayosemwa mezani, mbele ya mtu anayejua utaratibu na anayeweza kueleza faili hukwama wapi, ni mepesi kuyashughulikia kuliko yale yanayosemwa vibarazani kwa mwaka mzima bila mjibuji. Kuhusu siasa, kila jioni iwe na mada moja iliyotangazwa mapema kwenye mbao za matangazo za mitaa, na mwongozaji awe mtu asiyegombea nafasi yoyote.

Napendekeza tuanze Julai, Bunge la bajeti likiwa limekwisha, mavuno yakiwa ndani na barabara za pembezoni zikipitika. Jioni ya kwanza iwe Makutupora, juu ya maji ya visima, wakiwapo mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi na mkulima mmoja wa muda mrefu wa bonde lile. Ya pili iwe Chang'ombe, juu ya makazi yaliyojengwa kabla ya kupimwa, na ya tatu Mtumba, ambako zabibu za Septemba zitakuwa mezani na ambako wakazi wa zamani na watumishi waliohamia wanapitana kila siku bila kujuana. Baada ya hizo tatu, tukae tutathmini pamoja kabla ya kwenda kata nyingine.

Kwa hiyo naomba mteue afisa mmoja wa kuratibu, mtoe waraka wa ruhusa kwa wataalamu, na mtujulishe kwa maandishi kupitia ofisi za watendaji wa kata hizo tatu kabla ya mwisho wa Mei, ili wenyeviti wa mitaa wapate muda wa kualika watu na mama lishe wapate muda wa kununua uwele.

Wenu katika ujenzi wa Dodoma,

Mkazi wa Kata ya Ipagala